TAHADHARI: "Programu zote full, bure, unalipia elfu kumi ya kuinstoli tu"

Jamani wenye steshenari na wanachuo hapa Dar, kuna kijana anazunguka na flashi, anajitangaza WhatsApp kwamba ana Photoshop, Office, Windows, zote full, programu yenyewe bure, we unampa elfu kumi ya usumbufu. Msimwite. Mi nilimwita Jumatano na mpaka leo sijafungua duka.

Alivyokaa tu kwenye kompyuta kitu cha kwanza akazima antivairasi. Nikamuuliza mbona unazima, akasema "hii inasumbua tu dada, haielewani na kraki", yaani kile kiprogramu cha kuvunja leseni ili programu ya kulipia itumike bure. Nikamwachia. Hapo ndo nilipokosea, na hapo ndo nawaomba mkumbuke: mtu akisema zima antivairasi kwanza ndo programu iingie, mwambie ainuke kwenye kiti.

Jioni mteja kaja kuchukua kadi zake za mchango wa harusi, nafungua faili linagoma, naangalia picha za pasipoti zote zimegeuka vikaratasi vyeupe, kila faili limeongezewa herufi nne mwishoni ambazo sijawahi kuziona, na kila folda ina kafaili kanaitwa _readme.txt. Ukikasoma, waliofunga mafaili wanataka dola 980 ndo wayafungue, ukiwatafuta ndani ya saa 72 wanakupunguzia nusu, 490. Hiyo nusu peke yake inapita milioni moja ya kwetu! Tasnifu za watoto wa watu, mitihani ya shule ya jirani, kazi za miaka mitatu zimefungwa zote mle ndani.

Fundi mwingine kaniambia hivyo virusi vinaitwa STOP, wengine wanaviita Djvu, na njia yao kubwa ni hizi hizi kraki. Kampuni ya Emsisoft ilitoa kifungulio cha bure mwaka 2019 ila kinasaidia zaidi matoleo ya zamani ya hivyo virusi, kwangu kimegoma.

Nilikuwa najiuliza hawa wanaogawa kraki bure wanakula wapi. Kumbe wapo wanaolipwa kwa kila kompyuta wanayoiingizia mzigo wa virusi, na mzigo wenyewe mara nyingi unakuja na mwizi wa paswedi, anachota zote ulizozihifadhi kwenye brauza. Kesho yake Facebook ya duka ilikuwa mikononi mwa mtu mwingine.

Sisemi kila cha bure ni kibaya. LibreOffice (badala ya Office), GIMP (badala ya Photoshop), VLC (ya kuchezea video) ni bure kweli, zinaendeshwa kwa michango na watu wanaojitolea, na kadi za harusi unatengeneza vizuri tu. Ila chukueni kwenye tovuti zao wenyewe, maana mwaka 2015 hata GIMP ya Windows iliwekwa SourceForge, tovuti ya kupakulia programu, ikiwa imefungashwa na matangazo, mpaka wenye GIMP wakalalamika hadharani.

Kama ameshapita kwako, chomoa intaneti sasa hivi, paswedi badilisha kwa kutumia simu, sio hiyo kompyuta, anza na imeili na benki. Mafaili yaliyofungwa usiyafute, yahamishie kwenye diski ya pembeni ndo upige Windows upya, ufunguo unaweza kuja kupatikana baadaye. Na kama kuna mtu kapanga naye kesho, ampigie leo leo amwambie asije.