Wapelelezi binafsi na jalada la mauaji ya shangazi: tathmini ya huduma tuliyolipia

Kampuni ninayoitathmini hapa inajitangaza kuwa inafufua kesi za mauaji zilizokwama, na familia yetu iliiajiri ipitie upya jalada la shangazi yangu, aliyeuawa nyumbani kwake na ambaye kwa kifo chake hakuna mtu aliyewahi kufikishwa mahakamani. Jina la kampuni nalihifadhi kwa sababu mkataba wetu bado unaendelea, na kituo cha polisi kilichofungua jalada sitakitaja pia. Ninachokusudia kueleza ni huduma yenyewe, kwa ajili ya ndugu mwingine aliyechoka kuambiwa kwamba upelelezi bado unaendelea na ambaye sasa anafikiria kutoa fedha zake kwa watu wa aina hii.

Hukumu yangu naitanguliza. Huduma hii inafaa kununuliwa kwa kazi moja tu, nayo ni kukusanya, kupanga na kuhakiki nyaraka, na katika kazi hiyo watu hawa ni mahodari. Kwa kazi ambayo matangazo yao yanaipigia debe zaidi, yaani kumtafuta muuaji, sioni kwa nini familia yoyote iwalipe. Si kwamba ni wavivu. Mpelelezi binafsi hana mamlaka ya kukamata, kupekua, kumlazimisha shahidi aseme, wala kuiamuru kampuni ya simu itoe kumbukumbu za mawasiliano, na hata akikutana na jambo la maana, ni lazima lipitie kwa polisi na mwendesha mashtaka ndipo lipate nafasi ya kuwa ushahidi. Akilishika vibaya njiani, wakili wa utetezi atalibomoa siku ya kwanza.

Kiongozi wa timu iliyopewa kazi yetu aliyasema hayo mwenyewe katika kikao cha mwanzo, kabla hatujasaini chochote. Bibi, ambaye ndiye mama wa marehemu, alimuuliza bila kuzunguka: "Mwanangu, utampata?" Akajibu: "Mama, hilo siwezi kukuahidi. Ninachoweza ni kuhakikisha kwamba wenye wajibu wa kumtafuta hawabaki na kisingizio." Jibu hilo lilinipa imani kuliko brosha yao yote, iliyojaa picha za darubini na alama za vidole, na mpaka leo nashangaa kama mtu huyo na wale wanaoandika matangazo wamewahi kukaa meza moja.

Kazi ilianza na barua. Kwa muda mrefu sisi tulikuwa tukienda kituoni kuuliza kwa mdomo na kujibiwa kwa mdomo, na jibu la mdomo halina tarehe, halina saini wala halina mtu wa kuwajibika nalo. Wao waliandika barua fupi fupi, kila moja ikiuliza jambo moja, ikitaja namba ya jalada na kuomba jibu la maandishi, kisha nakala yake ikapelekwa ofisi ya mwendesha mashtaka. Waliirejea Itifaki ya Minnesota ya Umoja wa Mataifa, toleo la 2016, inayoeleza namna vifo vinavyoshukiwa kuwa kinyume cha sheria vinavyopaswa kuchunguzwa, na inayotambua haki ya familia kushirikishwa na kupewa taarifa. Itifaki hiyo si sheria inayomfunga afisa wa kaunta, na kiongozi wa timu hakutudanganya kuhusu hilo, lakini barua inayoonyesha kwamba mwandishi wake anajua uchunguzi unavyopaswa kwenda haitupwi kwa urahisi kama ombi la mtu anayelia mlangoni. Majibu yalianza kuja. Mengine yalikuwa ya mstari mmoja, lakini yalikuwa na muhuri.

Kutokana na nyaraka hizo walitengeneza jedwali la matukio, na hapa ndipo nilipoona thamani ya fedha yetu. Lilikuwa na safu tatu: saa na tarehe, jambo lililotokea, na chanzo cha habari hiyo. Kila sentensi ambayo familia ilikuwa ikiisimulia kama jambo linalojulikana na wote ililazimika kupata chanzo chake, na zile zilizokosa chanzo ziliandikwa kwa penseli. Jedwali lilipokamilika, karibu kila tulichokuwa tukikijua kuhusu jioni ile kilikuwa cha penseli. Baba aliudhika, na ninamwelewa, kwani alikuwa ameishi na masimulizi hayo kama ukweli usio na shaka. Hata hivyo ni heri kuudhika mezani kwako kuliko kusikia masimulizi hayo yakipasuliwa vipande mahakamani.

Jedwali la pili lilihusu vielelezo, na nalieleza kwa kirefu kwa sababu ndilo lililozaa jambo pekee lililosogeza kesi. Hati ya vitu vilivyochukuliwa nyumbani, ambayo ndugu yetu mmoja aliisaini kama shahidi siku ile, ilikuwa na vitu sita. Barua iliyopeleka vielelezo maabara ilikuwa na vitano. Kilichokosekana ni shuka. Mbele ya shuka, katika rejesta ya ghala la vielelezo, kulikuwa na tarehe ya kuingia, maelezo ya mfuko, na baada ya maneno "imepokelewa na" nafasi tupu. Hakuna aliyesaini kuipokea, hakuna aliyesaini kuitoa, na hakuna popote palipoandikwa kwamba imeharibiwa. Ndugu hawangeweza kuliona pengo hilo kwa kuzitazama hati mbili kwa nyakati tofauti, maana kila hati peke yake inaonekana kamili. Linajitokeza pale tu zinapowekwa ubavu kwa ubavu na mtu anayejua kwamba mnyororo wa utunzaji wa kielelezo, yaani kumbukumbu ya kila mkono uliokishika, hukatika kwa kukosekana saini moja.

Walituandalia pia maelezo ya kitaalamu ya kurasa mbili kuhusu maana ya pengo hilo, yasiyotutia matumaini ya uongo. Kitambaa chenye unyevu kikifungwa ndani ya mfuko wa plastiki hupata ukungu, na vinasaba vilivyomo huharibika, ndiyo maana vitambaa hukaushwa na kuwekwa kwenye mifuko ya karatasi. Rejesta yetu ilisema "mfuko" bila kutaja ni wa nini. Kwa hiyo hata shuka ikipatikana, huenda haina tena la kusema, na hata ikisema, upande wa utetezi utauliza ilikuwa mikononi mwa nani muda wote huo. Nilipenda kwamba waliandika hivyo waziwazi. Kielelezo cha zamani kina nguvu pale tu kilipotunzwa vizuri tangu mwanzo, hata na mtu asiyejua kwamba siku moja kitahitajika.

Ni kwa sababu hiyo sehemu ya vinasaba katika matangazo yao inaniudhi. Wanatumia kesi ya Joseph DeAngelo, aliyekamatwa California mwezi Aprili 2018 kwa mauaji ya miaka ya 1970 na 1980, na ambaye mwaka 2020 alikiri mauaji 13. Ni kweli kwamba alipatikana kwa kulinganisha vinasaba vya eneo la tukio na vya ndugu zake wa mbali waliojiandikisha katika hifadhi za nasaba mtandaoni, yaani tovuti ambako watu huweka taarifa za vinasaba vyao ili kutafuta jamaa, na ni kweli kwamba njia hiyo imefumbua kesi nyingi tangu wakati huo. Wasichokisema ni masharti yake. Lazima sampuli iwepo na iwe nzima. Lazima katika hifadhi hizo wawemo ndugu wa mtuhumiwa, hata kama ni wa mbali, na waliojaa humo kwa sehemu kubwa ni watu wenye asili ya Ulaya, hivyo mtuhumiwa wa asili nyingine anaweza asiwe na jamaa hata mmoja wa karibu wa kulinganishwa naye. Na tangu mwaka 2019 hifadhi ya GEDmatch, mojawapo ya hizo, inataka mtumiaji akubali kwanza ndipo taarifa zake zitumike na polisi kumtafuta mhalifu. Zaidi ya yote, sampuli iko chini ya dola. Kampuni binafsi haiwezi kuipima bila idhini, na kuiuzia familia "kifurushi cha vinasaba" wakati kielelezo hakijulikani kiko wapi ni kuuza hewa. Tulikikataa, na nashauri wengine wakikatae mpaka waonyeshwe kwa maandishi kwamba sampuli ipo na mwenye mamlaka ameridhia.

Sehemu dhaifu kuliko zote ilikuwa mahojiano na majirani. Kijana aliyetumwa alikuwa na adabu, lakini aliuliza maswali yenye majibu ndani yake. Badala ya kumwachia jirani aeleze alichokiona, alimuuliza kama alimwona mtu fulani akitoka, na akamtaja kwa jina. Yeyote aliyewahi kukaa katika chumba cha mahakama anajua madhara yake: shahidi akishapewa jina, hakuna njia ya kulitoa kichwani mwake, na akija kulitamka mbele ya hakimu ataulizwa alilisikia wapi kwanza. Nilipolalamika, kiongozi wa timu aliyasimamisha mahojiano yote, akamwondoa kijana yule na kuweka kumbukumbu ya maandishi ya kilichotokea, ili mwendesha mashtaka asije kushtukizwa. Namheshimu kwa hatua hiyo. Lakini madhara yalikwisha kufanyika, na gharama ya mahojiano hayo tulitozwa.

Kuhusu malipo: wanatoza kwa saa au kwa hatua. Chagueni hatua, kila moja ikiishia na kitu kinachoshikika, kama vile jedwali, ripoti au barua. Malipo ya saa yanamlipa mpelelezi kwa kutomaliza.

Walitupendekezea pia kampeni ya kutangaza kesi. Sipingi utangazaji, kwani ipo mifano ya ndugu waliosogeza milima kwa kutonyamaza. Ann Ming wa Uingereza, ambaye binti yake Julie Hogg aliuawa mwaka 1989, alimwona mshtakiwa, Billy Dunlop, akiachiwa huru baada ya mabaraza mawili ya wazee wa mahakama kushindwa kuafikiana, kisha mshtakiwa huyo akakiri akijua kwamba sheria hairuhusu ashtakiwe tena kwa kosa lile lile. Mama huyo aliwaandama wabunge na mawaziri hadi sheria ikabadilishwa mwaka 2003, na mwaka 2006 Dunlop alihukumiwa kwa mauaji yale. Lakini Ming alijua anataka nini hasa na kutoka kwa nani. Kampeni tuliyopendekezewa ilikuwa ya kumwaga kila kitu hadharani, pamoja na mambo ya ndani ya nyumba ambayo ni polisi na muuaji tu wanaopaswa kuyajua, na mambo hayo ndiyo kipimo cha kutofautisha ungamo la kweli na la mtu aliyesoma habari. Bibi alikataa kabla mimi sijafungua mdomo.

Katika ripoti yao ya mwisho ya hatua ya kwanza walipendekeza jambo ambalo halikuwagharimu chochote na ambalo naliona bora kuliko vifurushi vyao vyote: kuomba kwamba jalada lipitiwe na mpelelezi ambaye hakuwahi kulishughulikia. Marekani ina sheria inayolitia nguvu jambo hilo, iliyotiwa saini mwaka 2022 kwa kesi za mauaji zilizo chini ya serikali ya shirikisho, ambapo baada ya miaka 3 bila kesi kufumbuliwa familia inaweza kudai mapitio, nayo mamlaka ina miezi 6 ya kujibu. Pasipo na sheria ya namna hiyo, ombi hubaki ombi. Letu lilikwenda pamoja na nakala za hati zile mbili, mstari wa shuka ukiwa umezungushiwa wino mwekundu, na ofisi ya mwendesha mashtaka imejibu kwamba imemwagiza mkuu wa upelelezi aeleze kwa maandishi kielelezo hicho kiko wapi.

Hatua ya pili ya mkataba, ambayo ni kufuatilia majibu hayo na kuhakiki maelezo ya mashahidi, tumeisaini. Hatua ya tatu, inayoitwa "kumtambua mhusika", tumeifuta kwa kalamu pande zote mbili za karatasi, na tumeongeza kifungu kinachosema kwamba kila hati itakayopatikana kwa fedha yetu ni mali ya familia na itakabidhiwa kwetu ikiwa nzima hata mkataba ukivunjika. Waliyakubali yote mawili bila ubishi, jambo linalonifanya niamini kwamba wangekubali tangu mwanzo kama kuna mtu angewaomba.