Droni ya Kuongozwa kwa Simu: Miezi Mitatu ya Kuirusha Kigoma

Droni hii niliinunua mwezi Mei kwa shilingi 120,000 katika duka moja la Kariakoo ambalo huuza kwa kutuma picha kwenye simu. Ilipakiwa kwenye basi, na siku ya tatu nikaipokea stendi ya Masanga baada ya kulipa shilingi 8,000 za mzigo. Ilikuwa ahadi kwa mpwa wangu, binti wa dada yangu, aliyeona wapiga picha wakirusha droni kubwa kwenye harusi moja huku Mwanga na tangu siku hiyo hakunipa nafasi ya kupumua. Mimi mwenyewe, ingawa nilijidai kwamba nanunua kwa ajili ya mtoto, nilikuwa na hamu kumshinda. Tumeirusha kwa miezi mitatu, sebuleni, uani na mara moja ufukweni, na ninaweza kusema bila kusita kwamba chombo chenyewe kinaruka vizuri kuliko bei yake. Kinachokiangusha ni simu.

Sanduku nitalieleza kwa haraka. Lilikuwa na droni yenye mikono minne inayokunjwa, betri moja, waya wa kuchajia, bisibisi ndogo kama ya fundi saa, mapanga manne ya akiba, na karatasi ya maelekezo ya Kichina na Kiingereza ambayo maandishi yake yanahitaji miwani hata kwa mtoto. Rimoti haikuwemo. Toleo lenye rimoti liliuzwa kwa shilingi 25,000 zaidi, nami nikaona ni fedha ya bure kwa kuwa simu ninayo. Hilo lilikuwa kosa langu la kwanza. Juu ya sanduku palikuwa pameandikwa “4K” kwa rangi ya dhahabu. Picha ya 4K ina nukta 3840 kwa 2160, lakini nilipofungua maelezo ya picha iliyohifadhiwa kwenye simu yangu nilikuta 1280 kwa 720, yaani chini ya nukta milioni moja mahali palipoahidiwa milioni nane. Paa la jirani linaonekana kwamba ni la bati, na habari yake inaishia hapo. Anayetaka chombo cha kupigia picha asilete fedha yake huku.

Mapanga yanastahili maelezo zaidi, kwa sababu ndiyo yanayovunjika. Droni ya aina hii ina manne, mawili yakizunguka kufuata mwendo wa saa na mawili kinyume chake, ili msukumo wa kukizungusha chombo upande mmoja ufutwe na msukumo wa upande wa pili. Kwa sababu hiyo hayabadilishani: ya aina A hukaa kwenye pembe mbili zinazotazamana kwa mshazari, na ya aina B kwenye pembe mbili zilizobaki. Herufi hizo zimechongwa karibu na tundu la skrubu, ndogo kiasi kwamba nilizitafuta kwa tochi. Siku ya pili panga moja lilivunjikia kwenye mguu wa meza, nikafunga jingine bila kutazama herufi, na tulipobonyeza kitufe cha kupaa droni ilipinduka papo hapo kama mende aliyepuliziwa dawa, ikawa inajikwaruza sakafuni. Mpwa wangu ndiye aliyesoma herufi. “Mjomba, umeweka A kwenye B,” alisema, kwa sauti ya fundi anayemhurumia mteja.

Kuunganisha simu si kazi ngumu ukishaijua, lakini hakuna anayekufundisha. Droni hutengeneza mtandao wake wenyewe wa waifai, na simu hujiunga nao kama inavyojiunga na waifai ya ofisini, kwa hiyo wakati wa kuruka hakuna bando linalotumika. Programu yake hupakuliwa kwa kuskani alama iliyo kwenye karatasi ya maelekezo, na ni heri shughuli hiyo imalizwe nyumbani. Tatizo ni kwamba mtandao wa droni hauna intaneti, na simu nyingi zikigundua hivyo huuacha kimyakimya na kurudi kwenye data ya laini, nawe unabaki umeshika simu yenye vitufe vyote huku droni haina habari nawe. Nilidhani nimeuziwa kitu kibovu, nikamwandikia muuzaji ujumbe mkali, kisha baada ya robo saa nikaandika mwingine wa kuomba radhi, maana dawa yake ni kuzima data kabla ya kujiunga.

Sasa nije kwenye usukani. Programu huchora miduara miwili kwenye kioo: wa kushoto ni wa kupandisha, kushusha na kugeuza, na wa kulia ni wa kwenda mbele, nyuma na pembeni. Kwenye rimoti ya kawaida, kijiti ukikiachia hurudi katikati chenyewe, na kidole hujua kimefika wapi bila kuuliza macho. Kioo cha simu hakina ukingo wala katikati. Unatazama droni juu, kidole gumba kinateleza polepole hadi nje ya duara bila wewe kujua, na chombo kinaacha kutii wakati uleule unapokihitaji kitii. Ukiinamisha macho ili urudishe kidole mahali pake, droni nayo inakuwa haina anayeitazama. Picha inayotoka kwenye kamera haisaidii, kwa kuwa hufika imechelewa kidogo. Mara mbili niliuona ukuta kwenye simu baada ya kuusikia.

Ipo njia ya pili, nayo ndiyo ninayompendekezea asiye na rimoti, ambayo ni kuongoza kwa kuinamisha simu yenyewe. Si jambo jipya: kampuni ya Parrot ya Ufaransa ilipoionyesha AR.Drone yake huko Las Vegas mwezi Januari 2010, iliongozwa kwa iPhone kupitia waifai na kwa kuinamisha simu vivyo hivyo, na hizi za bei nafuu zimefuata nyayo. Simu ikiinama mbele, droni inakwenda mbele. Ikilala kushoto, inakwenda kushoto. Mkono unahisi kiasi cha mwinamo na macho yanabaki angani. Mpwa wangu aliizoea kwa alasiri moja. Mimi, ambaye usukani niliujulia kwenye baiskeli, nilihitaji wiki nzima, na hadi leo nainama na mwili wote, jambo ambalo majirani wanalifurahia kuliko droni.

Ndani ya nyumba chombo hiki hutulia kwa namna iliyonishangaza. Kina kihisio cha mgandamizo wa hewa kinachokijulisha kimo chake, hivyo ukiondoa vidole hubaki pale pale kilipo, kikivuma kama nyuki waliochokozwa. Ndiyo maana sijawahi kuliona jina la “ndege nyuki” kuwa la kubuni. Sharti ni moja. Kabla ya kupaa kiwekwe mahali palipo sawa kabisa, kisha kibonyezwe kitufe cha kusawazisha. Tulifanya hivyo siku moja barazani, ambako sakafu imewekewa mwinamo wa kuondoa maji ya mvua, na droni ikauchukua mwinamo ule kuwa ndio usawa. Safari nzima ikawa inateleza kuelekea bomba la maji hadi tulipoirudisha sebuleni na kuanza upya.

Betri ni ya lithiamu, volti 3.7. Sanduku linaahidi dakika 15 za kuruka. Nilipima kwa saa zaidi ya mara kumi: mara nyingi ni dakika saba, sebuleni hufika nane, na penye upepo haizidi tano na nusu. Nilipomuuliza muuzaji, alijibu kwamba Kigoma iko juu. Hilo ni kweli. Uso wa Ziwa Tanganyika uko takriban mita 773 juu ya usawa wa bahari, hewa yetu ni nyepesi kuliko ya Kariakoo kwa karibu asilimia 7, na mapanga hulazimika kuzunguka kwa kasi zaidi ili kubeba gramu 96 zilezile (nilizipima kwenye mizani ya duka la jirani, mbele ya wateja waliosubiri sukari). Lakini asilimia 7 haiwezi kumeza nusu ya ahadi. Kuchaji huchukua saa moja na nusu, kwa hiyo mwenye betri moja anacheza dakika saba na kumbembeleza mtoto dakika tisini. Betri ya pili niliagiza kwa shilingi 18,000, na katika ununuzi huu wote hiyo ndiyo fedha ninayoona niliitumia kwa akili. Ikitoka kuruka huwa ya moto. Iachwe ipoe kwanza ndipo ichajiwe, isiachwe kwenye umeme usiku kucha, na ikianza kuvimba itolewe kazini hata kama bado inawaka.

Ufukweni tulikwenda mara moja tu, Jumamosi, kule Kibirizi, kwa sababu mpwa wangu alitaka kuiona mitumbwi kutoka juu. Tulifika mapema ziwa likiwa bado limelala, lakini ile data ya simu ikatuchelewesha tena, na ilipofika saa nne upepo wa ziwani ulikuwa umeshaamka. Huo huvuma kwa sababu nchi kavu hupata joto haraka kuliko maji, hewa yake hupanda, na ya ziwani huingia kushika nafasi. Kwa mtu aliyesimama ni upepo wa kukausha jasho. Kwa kitu cha gramu 96 kisicho na GPS ya kukijulisha kilikuwa wapi dakika iliyopita, ni mkondo wa mto. Nilikuwa nimeipandisha mita kama nane pale shemeji yangu aliponipigia simu. Kioo kizima kikawa jina la shemeji. Miduara ikatoweka, na droni, ikiwa haina tena anayeiamuru, ikasukumwa kuelekea nchi kavu, ikapita juu ya vichwa vya wachuuzi, kisha ikaanza kushuka yenyewe taratibu, kama ilivyoundwa kufanya inapokosa mawasiliano. Ilitua katikati ya dagaa walioanikwa. Mapanga hayakusimama mara moja, na dagaa aliyekauka ni mwepesi. Waliruka kama makapi kwenye ungo.

Mama mwenye dagaa hakupiga kelele, na hilo ndilo lililonitia aibu zaidi. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akainua droni kwa ncha za vidole, akaigeuza huku na huku na kuchomoa dagaa mmoja aliyenasa kwenye mota. “Baba,” akaniuliza, “hiki kidude chako kinakula dagaa au kinachezea tu?” Nilinunua kisado kizima ambacho nyumbani hakikuhitajika. Jioni hiyo ndipo nilipogundua jambo ambalo lingepaswa kuandikwa mwanzo kabisa wa karatasi ya maelekezo: simu iwekwe kwanza katika hali ya ndegeni, kisha iwashwe waifai peke yake. Kwa hatua hiyo moja data haiingilii, na shemeji haingii.

Duka halikunieleza pia kwamba nchini Tanzania vyombo vya kurushwa bila rubani vinasimamiwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga, ambayo ina kanuni zake za mwaka 2018, na kwamba bei ndogo haikigeuzi chombo chenye kamera kuwa tiara ya karatasi. Nilipojua hivyo nilikuwa nimeshakwenda Kibirizi. Anayeishi karibu na uwanja wa ndege au bandari aulize kabla ya kutoka nje ya uzio wake, na anayepanda boti kwenda Gombe kuwaona sokwe aiache nyumbani, kwa kuwa hifadhini hairushwi bila kibali. Kwetu sasa inaruka uani tu, asubuhi kabla ya upepo, na kwa kweli ua unatosha.

Kama ningenunua leo ningechukua ileile, lakini yenye rimoti na betri mbili, jumla shilingi 163,000 kabla ya nauli ya basi, na simu ningeiacha ifanye kazi ya kutazamia tu. Kwa chini ya hapo, mnunuzi ajue kwamba analipia nusu ya chombo.

Lalamiko langu kubwa kwa duka ni la vipuri. Mapanga ya akiba yalikuja mawili ya A na mawili ya B. Pembe ya mbele kulia, ambayo ni ya B, ndiyo inayotangulia kugonga kila kitu katika ua wetu, kwa hiyo ya B yameisha na ya A yamekaa kwenye kiberiti hayana kazi. Nilipoandika kuomba mawili tu ya B, muuzaji alinijibu, “Kaka, mapanga hatuuzi, chukua droni nyingine nikupunguzie.” Fundi wa simu hapa Mwanga akaliunga lililovunjika kwa gundi na kipande cha plastiki cha kalamu. Linatetemesha mkono ule wa kulia na kuivuta droni upande huo, na mpwa wangu, bila kufundishwa na mtu, siku hizi anapaa akiwa ameshainamisha simu kidogo kushoto.