Mafunzo ya kuhoji wateja kwa sisi madevelopa wakimya, elfu 60 yangu imelipa ila ule mchezo wa asubuhi hapana

Jamani nimetoka kwenye yale mafunzo ya siku moja ya kuhoji wateja, yale ya watu wa koding wasiopenda kuongea ongea, nimelipa elfu 60 na nilienda shingo upande maana mi hata kupiga simu lazima niandike kwanza ntakachosema.

Nianze na kero. Tumeambiwa saa tatu tumeanza saa nne na nusu, feni moja ukumbi mzima, alafu wakaleta mchezo wa kujitambulisha huku unacheza, yaani umetuita wakimya alafu unatuchezesha mbele za watu?? Na slaidi zote kiingereza wakati ntakayemhoji ni mangi mwenye duka pale Sinza.

Mchana ndo hela ikaanza kurudi. Sheria tatu tu: apu yako usiitaje, uliza kilichotokea juzi sio angefanya nini kesho, na ukishauliza nyamaza. Hapo kwenye kunyamaza wale waongeaji walikua wanateseka, mtu anauliza anajijibu mwenyewe, sisi wengine tumetulia tu kama tumezaliwa nayo. Wakagusia na M-Pesa, kumbe majaribio ya Kenya 2005 yalikua ya watu kulipa marejesho ya mikopo midogo, wakaja kugundua watu wanaitumia kutumiana hela wao kwa wao, ndo maana 2007 ikazinduliwa kama huduma ya kutuma hela nyumbani.

Alafu wakatutoa mtaani. Sasa mi nina apu ya madeni ya dukani, miezi 8 nimeijenga, kila mangi nikimwonesha ananiambia "safi sana kijana" na haitumii hata mmoja. Safari hii nikaagiza soda, shikamoo, marahaba, nikauliza mara ya mwisho mtu kukopa akapotea ilikuaje. Kimya. Nikahesabu moyoni mpaka saba, viganja vinatoka jasho. Mzee akanionesha kipande cha boksi la sigara kimefungwa kwenye nondo za dirisha, majina yamejaa, mengine yamekatwa kwa peni nyekundu.

"Mi kudai naona aibu mwanangu. Akija kununua mkate analiona jina lake mwenyewe."

Nimebaki nimeshika chupa. Apu yangu inayaficha hayo madeni ndani ya simu, tena nimeweka na paswedi, na hiyo paswedi ilinichukua wiki mbili.

Nyota 4 kati ya 5. Moja nimekata kwasababu kupata watu wa kuhoji hawajafundisha kabisa, wametuambia tu ingieni mtaani, na pilau ilikua kavu. Wanarudia mwezi ujao, ukienda we fika saa tano kasoro, utakuta ule mchezo umeisha.