Polishi ya PlastX kwenye kioo cha nyuma cha gari ya turubai: inachoweza na kisichowezekana

Kioo cha nyuma cha Suzuki Escudo au Jimny ya turubai hakina hata chembe ya kioo. Ni plastiki laini ya PVC, na ulaini wake unatokana na vilainishi vilivyochanganywa ndani kiwandani. Ndiyo maana dawa ya kawaida ya kusafishia vioo si rafiki yake: nyingi zina amonia au spiriti, na zikipakwa kila wiki plastiki hukauka, hukakamaa, kisha hupasuka palepale inapokunjwa. Petroli na mafuta ya taa ni mabaya zaidi.

PlastX ya Meguiar's, chupa ya mililita 296, ni polishi iliyotengenezwa kwa plastiki angavu, ngumu na laini. Ina chembe laini mno zinazosugua uso wa juu. Kwa hiyo inaondoa ukungu wa juu na mikwaruzo myembamba kama unywele. Umanjano ulioingia hadi ndani haiuwezi, na ufa ndiyo kabisa. Kabla ya kununua, pitisha ukucha juu ya mkwaruzo. Ukucha ukinasa, PlastX itaulainisha kingo tu. Hapo seti ya polishi za Novus ina faida: namba 3 ni ya mikwaruzo mizito, namba 2 ya midogo, namba 1 ya kusafishia na kung'arishia. Lakini namba 3 haitoshi peke yake. Lazima ifuatwe na namba 2, la sivyo kioo kinabaki na weupe.

Polishi yoyote itaonekana mbovu kama uoshaji ni mbovu, na hapa Unguja ndipo wengi wanapoharibu. Vumbi la barabara za shamba ni unga wa mawe ya matumbawe, mgumu kuliko plastiki. Upande wa Paje na Jambiani ongeza chumvi ya bahari inayopeperushwa na kusi. Dereva akitoka pwani huchomoa kanga kuukuu chini ya kiti, akafuta kioo kikavu mara tatu, na kila mara amepiga msasa. Pindo la kanga pekee linatosha kuacha mistari.

Gari iwe kivulini, plastiki iwe ya baridi ukiigusa. Asubuhi ni bora. Mwagia maji mengi kutoka juu kwenda chini bila kugusa, mpaka yanayoteremka yawe safi. Ndipo uoshe kwa shampuu ya gari na kitambaa laini cha maikrofaiba, ukikisuuza kila baada ya mikupuo miwili. Sabuni ya unga iache kwenye nguo. Suuza, kisha kausha kwa kugandamiza kitambaa, si kwa kuburuza. Visima vingi vya pwani vina maji ya chumvi, kwa hiyo suuzo la mwisho liwe la maji yasiyo na chumvi, ya kunywa au ya mvua. Madoa meupe yaliyokwisha ganda hutoka kwa siki, sehemu moja kwa maji sehemu tano, na huoshwa papo hapo.

Sasa polishi. Kijiko kimoja cha chakula kinatosha uso mmoja wa kioo kizima, kwa hiyo chupa inakwenda mbali. Fanya kipande cha sentimita 30 kwa 30 kwa wakati mmoja. Mtu wa pili akae ndani ya gari, ashikilie taulo iliyokunjwa kwa kiganja bapa nyuma ya kipande hicho. Bila yeye plastiki inabonyea, mkono unazidisha nguvu, na mkunjo unaotokea hapo hautoki tena. Sugua kwa mistari iliyonyooka, ya mlalo kisha ya wima. Miduara hung'aa vibaya taa za gari ya nyuma zikikupiga usiku. Futa kwa kitambaa kingine kabla haijakauka. Usisahau upande wa ndani: mara nyingi ukungu unaolaumiwa nje uko ndani.

Kwa kioo cha manjano, jaribu pembeni kwanza, mara mbili. Kitambaa kikitoka na rangi ya chai na pale pakaangaza, endelea. Kisipotoka na kitu, jua limekwisha badilisha plastiki yenyewe na hela ya polishi ni ya kutupa.

Upungufu wa PlastX kwa jua la huku ni kwamba kinga inayoiacha haitoshi. Baada yake paka dawa ya kuzuia miale ya jua, ya maji, iliyoandikwa kuwa inafaa plastiki angavu, na uirudie kila wiki nne hivi. Dawa za kung'arishia tairi zisikaribie.

Wenye gari za kukodisha watazame zaidi namna ya kukunja. Kioo kilicholowa na chenye mchanga kikiviringishwa kinajikwaruza chenyewe, na kikikunjwa kwa kubana mchana wa kaskazi kinashika alama. Viringisha kilegevu, taulo safi katikati.

Na kama ni cha kubadilisha, mwambie fundi wa turubai akushonee plastiki angavu ya mashua, unene wa milimita 0.75 hadi 1. Ile nailoni ya kufunikia meza inayouzwa kwa mita ni rahisi, lakini ukiangalia nyuma magari yote yanacheza kama yako chini ya maji. Aidha ashone kwa uzi wa poliesta, maana wa pamba huoza kwa unyevu wa masika. Zipu ikikwama kwa chumvi, ioshe, ikaushe, kisha isugue kwa kipande cha mshumaa. Mafuta ya injini yataichafua plastiki.