Kliniki iliyopima damu kabla ya kutibu uso uliopooza

Tathmini hii inahusu kliniki ya watoto iliyompokea binti yetu baada ya upande wa kulia wa uso wake kupooza. Tulifika tukiwa tumekwisha kuandikiwa prednisoloni, dawa ya steroidi ya kupunguza uvimbe, katika kituo kingine, ambako tuliambiwa kwamba neva ya uso imevimba na kwamba hali hiyo itaisha yenyewe. Maelezo hayo ni ya kweli kwa watoto wengi wanaopooza uso, na ndiyo maana ni rahisi mno kuishia hapo.

Daktari wa kliniki hii hakuishia hapo. Alimwambia mtoto afumbe macho, akaona jicho la kulia limebaki nusu wazi. Alipomwambia apandishe nyusi, paji la uso upande ule halikukunjamana hata kidogo. Kisha alimpapasa shingoni kutafuta tezi zilizovimba na chini ya mbavu za kushoto kutafuta bandama iliyokua, akaipandisha suruali yake na kukuta kwenye miundi vidoa vyekundu ambavyo havikufifia alipovibonyeza kwa kidole. Akatusihi tusianze dawa kabla ya kipimo cha picha kamili ya damu, yaani kinachohesabu seli za damu za kila aina.

Sababu aliyotupa ndiyo ninayotamani kila mzazi aifahamu: seli za saratani ya damu zinaweza kuivamia neva ya uso au utando unaouzunguka ubongo, na kwa kuwa prednisoloni huziua seli za aina ya saratani hiyo inayowapata zaidi watoto, ikitolewa peke yake huweza kuzipunguza kwa muda na kuuficha ugonjwa hadi ugunduliwe kwa kuchelewa. Damu ya binti yetu ilikuwa na seli nyeupe nyingi kupita kiasi na chembe sahani chache, zile zinazosaidia damu kuganda; mtaalamu wa maabara aliichunguza kwa darubini siku hiyo hiyo, na baadaye vipimo vya uboho vikathibitisha saratani.

Lililonisikitisha ni kwamba majibu tulipewa tukiwa tumesimama kwenye korido huku watu wakipita, ilhali habari nzito kama hiyo ilistahili chumba na mlango uliofungwa. Pia ilitubidi tungoje hadi alipolazwa ndipo muuguzi wa wodi atufundishe kulitunza jicho lisilofumba, kwa matone ya kulilainisha mchana na kulifunika usiku, jambo ambalo lilipasa kufanywa siku ya kwanza kwa sababu jicho la namna hiyo hukauka na kuumia upesi.