Nililipia programu ya muziki nijue nani anaandikiwa mistari

Mimi ni kinyozi. Saluni yangu iko Mwananyamala, Dar es Salaam, viti vitatu na benchi moja la kusubiria, na benchi hilo ndilo lililonifanya nianze kulipia muziki. Wanaokaa pale si wote wanasubiri kunyolewa. Wengine wamenyolewa juzi, leo wamekuja kubishana tu. Na ubishi ni ule ule tangu 2015: Drake, yule rapa wa Kanada, mistari yake anaandika mwenyewe au anaandikiwa?

Zamani nilikuwa natumia programu ya bure. Ubaya wa bure utaujua ukiwa na mashine mkononi na kichwa cha mtu mbele yako. Siku moja rapa Pusha T alikuwa katikati ya mstari, benchi zima kimya, mara likaingia tangazo la nepi. Nilikuwa nachonga ndevu za mteja, simu siwezi kuishika. Nepi zikaisha, likafuata tangazo jingine. Mteja akacheka mpaka ikabidi niondoe wembe shavuni kwake. Aprili 2024 nikajiunga na mpango wa kulipia, ule wa familia, tukachangishana watu watano. Masharti yanasema ni kwa matumizi binafsi na kwa watu wa nyumba moja. Mimi nasikiliza nikiwa kazini, wateja wanasikia kwa bahati yao, na lile benchi kwangu ni nyumba. Jina la programu silitaji, huko mbele mtaelewa kwa nini.

Nianze na uzuri wake maana upo. Matangazo hakuna. Napakua albamu usiku nyumbani kwa waifai ya jirani (tunachangia), mchana bando haliguswi. Halafu kuna maneno ya wimbo yanayotembea kwenye skrini. Nimeunganisha simu na tivii ndogo ya ukutani, watu wanasoma huku wanasikiliza. Kabla ya hapo kila mtu alikuwa na mistari yake kichwani, na aliyepaza sauti zaidi ndiye aliyekuwa sahihi. Tuna mteja mwalimu wa sekondari, yeye hutusimamishia wimbo akatufasiria. Back to Back, ile Drake aliyomjibu rapa mwenzake Meek Mill Julai 2015, tulikuwa tunaicheza miaka yote bila kuielewa vizuri pale Drake anapomuuliza Meek kama ile ziara ya dunia ni yake au ni ya mpenzi wake. Mwalimu akatukumbusha kuwa wakati huo Meek alikuwa anazunguka kwenye ziara ya Nicki Minaj, na Nicki ndiye aliyekuwa mpenzi wake. Benchi likapiga kelele kana kwamba wimbo umetoka jana. Kisha dogo ninayemfundisha kazi akauliza swali lililotuharibia furaha: na huo mstari nao, kauandika nani?

Sasa kilichoniuma. Nilijiunga bifu la rapa Kendrick Lamar na Drake likiwa limeshashika moto. Tarehe 22 Machi Kendrick alikuwa ameshasikika kwenye albamu ya Future na Metro Boomin akikataa habari za wakubwa watatu (yeye, Drake na J. Cole), akisema mkubwa ni yeye peke yake. Nikajua nimewahi, kila jibu litanikuta nimekaa. Kumbe! Ile ya Drake yenye sauti ya bandia ya Tupac aliiweka Instagram, na akaiondoa baada ya mawakili wa mirathi ya Tupac kuja juu. 6:16 in LA ya Kendrick, Instagram. Euphoria, nayo yake, tarehe 30 Aprili, ilianzia YouTube. Family Matters ya Drake ikatua YouTube na video yake Jumamosi asubuhi kwa saa zetu, na kabla saa haijaisha Kendrick akawa ameshajibu na Meet the Grahams. Jumapili tunaamka, Not Like Us ya Kendrick hiyo. Mimi nimelipia mlango wa mbele, wenzangu wote wanapitia dirishani. Dogo mwenye simu iliyopasuka kioo na bando la jero alikuwa na kila kitu kabla yangu. Akawa ananionea huruma.

Nyingi zililetwa baadaye kwenye programu, sikatai. Lakini ngoma ya kujibizana ni kama chapati, inaliwa ya moto. Kwa maoni yangu Family Matters ni kazi nzuri, pengine nzuri kuliko watu wanavyokubali, ila ilizikwa ikiwa bado inapumua. Anayeisikia leo akiwa ametulia, kwenye orodha iliyopangwa, hawezi kujua asubuhi ile ilikuwaje.

Halafu kuna kadhia ya J. Cole. Tarehe 5 Aprili alitoa albamu ya ghafla, ndani yake 7 Minute Drill, anamchokonoa Kendrick. Siku mbili tu, akasimama jukwaani kwenye tamasha lake mwenyewe akaomba radhi, na siku chache baadaye wimbo ukaondolewa. Nilikuwa nimeshaupakua. Naufungua mbele ya watu, haupo. Nimeulipia, nimeushusha, upo kwenye simu yangu, na umetoka bila kuaga. Lawama hapa si ya programu, mwenye wimbo ndiye aliyeutoa, lakini ndipo nilipoelewa kwamba nilichonunua ni ruhusa ya kusikiliza. Dogo akatoa flashi mfukoni. Anajaziwa nyimbo na jamaa mmoja wa kibanda karibu na stendi, na pale kwenye flashi 7 Minute Drill ilikuwepo, jina limekosewa herufi mbili, sauti imekwaruza, lakini ipo. Benchi likaisikiliza hadi mwisho na kuhukumu kuwa Cole alifanya vizuri kuomba radhi.

Ila kilichonitoa hela hasa ni vidoti vitatu. Ukivibonyeza pembeni ya jina la wimbo unaletewa nani kaimba, nani kaandika, nani katengeneza biti. Nikasema basi, leo benchi litanyamaza. Tukaanza na 10 Bands ya Drake, kwa sababu ndiyo ilimtia matatani. Meek alidai Twitter kuwa Drake anaandikiwa, na mtangazaji Funkmaster Flex akapiga redioni New York rekodi ya rapa Quentin Miller akiuchana wimbo huo huo. Nikabonyeza. Quentin Miller yumo kwenye waandishi, waziwazi. Upande mmoja wa benchi ukasimama kushangilia. Upande wa pili ukauliza: mtu ametajwa jina, hapo amefichwa wapi?

Ushahidi ni mmoja, na kila upande umeondoka nao kama wake.

Safari nyingine fundi pikipiki akataka Kendrick naye akaguliwe. Albamu yake GNX ilikuwa imetoka, 22 Novemba 2024, bila tangazo lolote, Ijumaa usiku kwa huku kwetu. Na hapa naipongeza programu, ilinitumia taarifa nikiwa nafagia nywele na albamu nzima ilikuwa tayari. Nyimbo 12, dakika 44. Kwa kipimo cha saluni hiyo ni vichwa viwili na ndevu moja. Tukafungua luther, ile aliyoimba na SZA, nikabonyeza vidoti. Majina yakashuka kama kamati ya harusi, na katikati yao Marvin Gaye. Marvin Gaye amefariki 1984. "Huyo sasa ndiye mzimu mwenyewe anayemwandikia!" fundi akapiga kelele, saluni ikavunjika mbavu. Mwalimu ikabidi aeleze: ndani ya luther kuna kipande cha wimbo wa Luther Vandross na Cheryl Lynn, na wimbo huo mtunzi wake wa kwanza ni Marvin, kwa hiyo jina lazima liwepo. Wenye biti nao wanahesabiwa waandishi. Hapo ndipo nilipoacha kuhesabu majina. Orodha ndefu haina maana kwamba mtu kaandikiwa, na programu haikuambii nani katoa mstari upi.

Fupi nayo haimsafishi mtu. Fungua Still D.R.E. ya 1999 utamkuta Shawn Carter, yaani Jay-Z, ndiye aliyemwandikia Dr. Dre. Wazi kabisa, na hakuna anayemkasirikia Dre, sifa yake ni biti. Sasa rudi 1979, Rapper's Delight ya Sugarhill Gang. Nile Rodgers na Bernard Edwards wametajwa kwa sababu muziki umetokana na wimbo wao. Aliyekosekana ni rapa Grandmaster Caz. Big Bank Hank wa Sugarhill Gang alichukua mistari ya Caz akaichana kama ilivyokuwa kwenye daftari, hadi akataja herufi kwa herufi jina la kisanii la Caz, Casanova, akidai ndiyo yeye. Wimbo ulioitembeza hip hop duniani una mtu anayejitambulisha kwa jina la mwenzake, na mwenye jina hayumo kwenye vidoti vitatu! Nilipowasimulia, benchi lilinyamaza, mara ya kwanza tangu nifungue saluni. Aliyefichwa kwelikweli hutampata kwa kubonyeza. Utakayempata ni yule aliyetajwa, na kwa kutajwa tu ameshaacha kuwa kivuli.

Siku hiyo kulikuwa na mama mmoja amemleta mwanawe anyolewe, amekaa kimya muda wote na mkoba mapajani. Akauliza, "Jamani, mnachogombania ni kwamba mmoja katunga na mwingine kaimba?" Tukaitikia ndiyo, mama. Akasema yeye enzi za TOT na Muungano alikuwa haachi onyesho, Khadija Kopa upande huu, Nasma Khamis upande ule, mipasho inarushwa mpaka watu wanatuzana hadi nauli. "Taarabu mtunzi ni mtunzi na mwimbaji ni mwimbaji. Sisi tuliuliza nani kaumia."

Vijana walimheshimu wakamwacha apite, lakini hawakukubali, na mimi niko nao. Mwimbaji wa mipasho hakuahidi kuwa maneno ni ya maisha yake. Mchanaji anaahidi hivyo kila anaposhika maiki, ndiyo maana tuhuma ya kuandikiwa inamuuma kuliko tusi. Lakini swali la mama limebaki pale saluni. Siku hizi mtu akianza habari za Quentin Miller, kuna atakayesema tu: kwani nani kaumia?

Sasa sababu ya kutotaja jina. Kuna mwezi walinikata mara mbili. Huduma kwa wateja ni roboti inayokupa pole kwa Kiingereza kisha inakuuliza tatizo lako upya. Nilituma picha ya ujumbe wa makato mara tatu. Baada ya siku kumi na tisa hela ikarudi bila neno lolote. Katika siku hizo wenzangu wawili waliniangalia kwa jicho la mtu aliyekula mchango.

Kwa anayetaka kununua: kama unasikiliza albamu nzima, unapenda kusoma maneno na huwezi kushika simu kila dakika, lipia, inafaa. Kama unachotaka ni bifu, usilipe, bando la jero na akaunti za bure zitakutosha. Na kama unataka kujua nani anaandikiwa, vidoti vitatu vitakuongezea ubishi tu. Naipa nyota tatu na nusu kati ya tano.

Mwezi huu tumelipia tena, watu wanne. Wa tano amehamia kwenye flashi.