Somo la sarakasi za ndege ndogo Florida: nyota 4, ya 5 imeliwa na video

Mwalimu peke yake angepata 5, waliotengeneza video ndo wamenivuruga.

Iko hivi, mi zamani kila ndege ikipinduka naita lupu (kupiga duara la wima angani) tu naendelea na maisha. Sasa huku Florida kuna shule wanakupakia kwenye Super Decathlon, mmoja mbele mmoja nyuma, parachuti mgongoni (sheria ya Marekani hiyo, ukibeba abiria na ukalaza bawa kupita nyuzi 60 wote lazima mvae), na jamaa hakurushi tu ili utapike, kila mkigeuka anauliza "hiyo inaitwaje?"

Akanambia achana na mbwembwe, cheki barabara kule chini na altimeta, ile saa ya kimo, ndo utajua jina la mchezo. Tumegeukia tulikotoka? Tuko juu zaidi au chini? Tulikaa kichwa chini? Basi. Immelmann unavuta pua nusu lupu, kileleni mko kichwa chini, ndo unabiringisha nusu mnakaa sawa, mmegeuka na kimo mmepata. Spliti-S ni hiyohiyo kinyumenyume, unabiringisha kwanza halafu unavuta kuelekea chini, na kimo kinakatika kama bando, wallahi nilifumba macho. Shandeli ndo tamu yangu, haipinduki kabisa, ni kona ya nyuzi 180 huku mnapanda, mnamaliza mabawa sawa na spidi imebaki kiduchu, tena kwenye mtihani wa leseni ya rubani wa biashara wanaweza kukudai. Hamahedi mnapanda wima, spidi ikikaribia kuisha anakanyaga pedali ya kushoto, ndege inageuka kiubavu kama mlango kwenye bawaba, mnashuka wima vilevile. Tumbo nililiacha huko juu.

Sasa video, ya kulipia pembeni, hamahedi yangu wameiandika "Immelmann". Kuuliza, dada wa mapokezi ananambia "kwani zote si zinageuka tu?" Haya. Kinachochekesha, wapo wanaosema Max Immelmann mwenyewe, yule Mjerumani aliyekufa 1916, na kile kindege chake cha Fokker injini haina nguvu, alichokua anafanya vitani kilikua karibu zaidi na hii ya kugeuka kiubavu kuliko nusu lupu tunayoiita kwa jina lake leo. Ila aliyeandika hakuwaza hayo, najua kwa sababu hata shandeli kaiita "lupu".

Mkienda kuleni kidogo tu, video msinunue. Mi narudi, safari hii nataka shandeli nipige mwenyewe.